Dizeli Kwenye Shati la Bwana Jua

Lifti ilikwama saa sita kasoro dakika kumi, kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, ikiwa na watu tisa, suti nane nyeupe na paneli moja ya sola.

Suti zilikuwa za bendi iliyotarajiwa kupiga muziki kwenye ukumbi wa ghorofa ya saba. Aliyezibeba alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na moja, mfupi, mwenye macho makali na gauni la buluu lililopigwa pasi likanyooka kama karatasi. Mtaani walimwita Dobi, na jina hilo hakulikataa. Duka la kufulia nguo alilipokea mikononi mwa mama yake na alijivunia kazi hiyo. Taa zilipozimika alihisi mabega ya watu yakimsukuma, na suti zake zikielekea kwenye ukuta wenye vumbi na grisi.

"Jamani, msiniegemee! Nimebeba nguo nyeupe!"

"Humu ndani sasa hivi hakuna nyeupe, dada," sauti ya mzee ikajibu. "Zote ni nyeusi."

Watu wakacheka. Kisha sauti nyingine, ya kijana, ikasema karibu kabisa na sikio lake: "Nipe nizishike juu. Mimi ni mrefu."

"Wewe nani?"

"Muuza sola."

Lifti nzima ikaangua kicheko.

"Una sola na tumekaa gizani?" mzee akauliza.

"Ninayo hapa miguuni."

"Basi iwashe, baba, tutoke!"

"Inahitaji jua, mzee wangu."

"Ndiyo maana siitaki. Siku ya shida inataka kwanza utoke nje!"

Dobi alicheka mpaka machozi yakamtoka, lakini alizitoa suti. Walikaa mle dakika ishirini na tano, joto likipanda, mtoto mmoja akililia maji, na muda wote yule kijana alisimama mikono juu kama aliyeshikiwa bunduki. Jenereta ya jengo ilipowaka na taa kurudi, Dobi aliinua uso na kumwona: mrefu, mwembamba, shati limemganda mwilini kwa jasho, mikono inatetemeka. Suti zote nane hazikuwa na hata doa.

Moyo wake ulimpiga paa.

"Shati lako limeharibika kwa ajili yangu," alisema walipotoka. "Lilete dukani nikufulie."

"Nikilileta, nitamkuta nani?"

"Utamkuta mama yangu."

"Basi nitakuja nikiwa nimechana nywele," akasema, akainama kuchukua paneli yake.

Duka la Dobi lilikuwa chini kabisa ya jengo la ghorofa tatu, mashine nne za kufulia upande mmoja, meza tatu za kupigia pasi upande wa pili, na kaunta ambako Mama, mwenye miwani ya kamba, alikunja mashuka bila kuyatazama. Nyuma ya jengo kulikuwa na kichochoro, na kichochoroni jenereta saba, moja kwa kila mfanyabiashara. Umeme ulikatika karibu kila siku. Ukikatika tu, zote saba zilinguruma pamoja, na watu madukani wakaanza kuzungumza kwa kupiga kelele bila wenyewe kujua.

Kijana alikuja kesho yake na shati. Keshokutwa akaja na jingine. Wafanyabiashara wa jengo walipojua anauza nini, wakambatiza jina: Bwana Jua.

"Mwanangu," Mama alisema wiki ya pili, "huyu kijana ana mashati matatu. Nimeyatazama vizuri, ni matatu tu. Kila siku analeta moja. Mtu mwenye haja ya kufuliwa huleta furushi."

"Labda hana furushi, Mama."

"Ana macho, hilo nimeliona."

Kitu kimoja tu kilimkera Dobi: mashati yale yalinuka dizeli kidogo. Lakini alilitazama dirisha lililofunguka kichochoroni, akakumbuka wateja wangapi walimrudishia nguo safi wakisema zinanuka moshi, akajilaumu mwenyewe. Akayafua mara mbili mbili.

Miezi ilipita, wakawa ni watu wa simu. Saa nne asubuhi lazima simu ilie.

"Umeamkaje, laazizi?"

"Saa nne ndiyo unaniuliza nimeamkaje? Nimeshafua nguo za hoteli nzima."

"Nilikuwa nabishana na mtu wa kiwanda cha maji. Anasema sola ni ya kuchajia simu."

"Ukamjibuje?"

"Nilimwambia kuna mwanamke mmoja akinitazama tu, ninajaa chaji siku nzima."

"Muongo we! Angekufukuza."

"Alinifukuza kabla sijalisema."

Dobi alikuwa akicheka hivyo mpaka Mama anagonga kaunta kwa rula.

Kwa upande wa kazi, Bwana Jua alikuwa na mlima wa kupanda. Watu wa jengo hawakutaka kubadilika, na kila mmoja alikuwa na sababu yake. Kinyozi wa ghorofa ya kwanza alisema wateja wakisikia jenereta wanajua kuna umeme, wakikuta kimya wanapita. Mchapishaji, mwenyekiti wa wapangaji, mwanamume wa tai na vidole vyenye wino, alisema hataki kuwa wa kwanza: "Wa kwanza ndiye anayejaribiwa dawa." Na Mjomba, kaka yake Mama, mwenye duka la mikate, alikuwa mgumu kuliko wote.

"Mimi unga wangu ukiumuka, umeumuka," alimwambia Dobi. "Siwezi kuuambia, subiri kidogo, kuna wingu linapita."

"Kuna betri, Mjomba."

"Hata simu yangu ina betri, na jana imenizimikia nikiongea na daktari."

Lakini Dobi hakuchoka. Alimpandisha Mjomba juu ya paa, akamwonyesha nafasi. Alimpelekea Mchapishaji karatasi za maelezo, naye akazisifia karatasi kwa ubora wake kabla ya kuzisoma. Mwishowe, mbele ya wote, alisema maneno ambayo hakuwahi kusema juu ya mwanamume yeyote: "Mimi namdhamini huyu. Mkiona ameniangusha, mnicheke mimi."

Mjomba alichukua kalamu. "Tangu uzaliwe hujanidanganya," akasema, akatia sahihi. Wengine wakafuata. Sahihi saba za kuomba mkutano na kampuni, Jumamosi ya wiki ileile.

Dobi aliona afanye jambo la kumfurahisha mpenzi wake. Badala ya kumpigia simu, Jumatano mchana alivaa gauni la njano alilolificha kwa siku maalumu, akajipaka wanja, akaiweka ile karatasi kwenye mkoba na kwenda ofisini kwake kwa mara ya kwanza, bila taarifa.

Lilikuwa jengo la vioo. Ukutani palichorwa jua kubwa la dhahabu lenye tabasamu, na juu ya paa paneli kumi na mbili ziling'aa mpaka zikamuumiza macho. Alisimama nje dakika nzima akitazama, amejawa fahari kana kwamba ni zake. Ndani palikuwa na baridi nzuri na taa nyeupe. Dada wa mapokezi alimkaribisha kwa adabu.

"Yule muuzaji wetu mrefu? Yuko nyuma, dada, anahudumia mtambo. Umeme umekatika tangu asubuhi."

"Umekatika?" Dobi aliangalia taa. "Na hizi?"

"Jenereta."

"Na zile za kwenye paa?"

Yule dada alitabasamu kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa swali hilo. "Zile ni za wageni kuona. Hazina waya."

Dobi hakukumbuka alivyofika mlango wa nyuma. Alikumbuka tu joto lililompiga usoni, na ngurumo aliyoijua kama anavyojua sauti ya mama yake. Jenereta ilikuwa pale, kubwa kuliko zote saba za kichochoroni kwake, mpya, inatetemesha sakafu. Na mtu aliyeinama mbele yake na dumu mkononi, akimimina dizeli kwa uangalifu, alivaa shati la rangi ya maziwa ambalo yeye Dobi alilipiga pasi asubuhi ileile. Mfukoni lilikuwa na doa jeusi.

Kumbe harufu ile haikuwa ya dirisha lake.

Bwana Jua aliinua kichwa. Dumu lilimponyoka, dizeli ikamwagika hadi kwenye viatu vyake. Dobi aliiona midomo yake ikitamka "mpenzi", lakini jenereta iliimeza sauti.

Dobi alikaza mkoba wake begani. Kisha akageuka, akapita mapokezi, akapita jua la dhahabu lenye tabasamu, akaenda.

Mama alipomwona akiingia dukani aliliacha shuka alilokuwa akilikunja. "Una nini? Umekutana na jini?"

"Nimekutana na dizeli, Mama."

Simu ililia mara tisa. Ya kumi aliipokea, saa kumi na moja jioni, akiwa amekaa juu ya kikapu cha nguo chafu na gauni lake la njano.

"Sema."

"Mpenzi, nisikilize..."

"Usiniite mpenzi. Niite mteja. Si ndiye uliyekuwa unamtafuta?"

"Siyo hivyo. Ninachouza ni kitu kizuri, naapa kwa kila kitu."

"Kizuri! Mbona nyinyi wenyewe mmekitundika juu kama mapambo?"

"Mkurugenzi anasema kila fundi atakayefanya kazi kwenye paa letu ni fundi tuliyemnyima mteja. Kila nikimuuliza anasema mwezi ujao. Miaka miwili sasa."

"Na wewe ukanyamaza."

"Ndiyo. Nikanyamaza."

Dobi alikuwa amejiandaa kwa uongo. Ukweli huo mfupi ulimchoma zaidi. "Nilisimama mbele ya mjomba wangu," alisema. "Mjomba wangu! Nikasema namdhamini huyu. Unajua hiyo ni nini?"

"Najua. Na kuna jambo jingine sijakuambia..."

"Kaa nalo," akasema, akakata.

Siku mbili alijikaza kisabuni. Alifua, alipiga pasi, aliwachangamkia wateja, na kila shati jeupe lililopita mikononi mwake alilinusa kwanza. Aliamua kwamba Jumamosi atasimama mbele ya wapangaji, atasema alichokiona, ataomba radhi, mambo yaishe. Na mapenzi yaishe vilevile.

Mkutano ulifanyika saa tatu asubuhi katika duka la Mchapishaji, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na viti. Walikaa kati ya marundo ya karatasi, harufu ya wino imetanda. Mkurugenzi wa kampuni ya sola alifika amevaa suti ya kijivu na viatu vinavyong'aa, sauti yake laini kama losheni. Nyuma yake akaingia Bwana Jua, uso umemvimba kwa kukosa usingizi, shati halikupigwa pasi. Dobi alitazama dirishani.

"Ndugu zangu," Mkurugenzi alianza, "biashara ya leo ni biashara inayothubutu. Sisi tumethubutu. Njooni ofisini kwetu mwone."

Dobi alishika mkoba wake, akajiinua. Kabla hajafungua mdomo, Bwana Jua alikuwa amesimama.

"Wasije," alisema. "Wakija wataona jenereta."

Mtu aliangusha kalamu. Ikasikika ikibiringika sakafuni mpaka ukutani.

"Ofisi yetu inaendeshwa kwa dizeli," Bwana Jua aliendelea, akiwatazama mmoja mmoja. "Paneli za juu hazijaunganishwa na kitu. Dizeli naimimina mimi, kwa mkono wangu, miaka miwili. Nimekaa na nyinyi miezi mitano na sikuwaambia. Dobi hakujua. Alijua Jumatano, na hajanisamehe, ana haki. Mtu wa kuchekwa hapa si yeye. Ni mimi."

Kinyozi alibaki mdomo wazi. Mama, aliyekuja kusikiliza tu, alivua miwani na kuivaa tena. Dobi akakaa.

"Huyu kijana amechoka," Mkurugenzi alisema huku akicheka kicheko kikavu.

"Kweli au uongo?" Mchapishaji akauliza.

"Ni hali ya muda mfupi..."

"Miaka miwili ni muda mfupi?" Mjomba aliruka. "Mkate wangu ukikaa siku mbili mnanirudishia!"

Mkurugenzi alifunga mkoba wake, uso umebadilika. Alimgeukia Bwana Jua. "Wewe kuanzia sasa si mfanyakazi wangu. Usije hata kuchukua kikombe chako." Akatoka na viatu vyake, mlango ukajibamiza.

Mjomba alimwendea Bwana Jua mpaka wakakaribiana pua kwa pua, ingawa ilibidi aangalie juu.

"Nina swali moja. Nyumbani kwako unatumia nini?"

"Jua."

"Tangu lini?"

"Miaka mitatu."

"Ulisema hivyohivyo kuhusu ofisi."

"Kuhusu ofisi sikusema. Mliona picha ya paa mkaamini, nami nikawaacha muamini. Nyumbani njooni mwone."

"Saa ngapi?"

"Hata sasa."

Mjomba akatoa funguo za gari la mikate.

Waliingia wote, wapangaji saba na Mama, wakakaa juu ya makreti matupu huku unga ukiwapaka makalio. Kinyozi alilalamika njia nzima kuhusu suruali yake. Dobi alikaa karibu na mlango, mbali kabisa na Bwana Jua. Alitaka kurudi nyumbani. Lakini alitaka kuona pia, na hilo la pili lilimzidi nguvu.

Nyumba ilikuwa ndogo, ya mlango wa kijani, kwenye safu ya nyumba zinazofanana. Juu ya bati kulikuwa na paneli sita, zimefifia kwa vumbi, na waya mnene ukishuka kwenye bomba hadi ndani. Bwana Jua alisimama mlangoni.

"Naomba muingie polepole," alisema. "Baba amelala muda huu, au labda anasikiliza redio."

Baba? Dobi alimtazama kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Miezi mitano hakuwahi kumsikia akitaja baba.

Chumbani, juu ya kitanda kilichoinuliwa upande wa kichwa, alikaa mzee mwembamba mwenye nywele nyeupe zilizochanwa vizuri. Mrija mwembamba ulipita chini ya pua yake, ukazunguka masikio, ukateremka hadi kwenye mashine ya ukubwa wa sanduku la nguo iliyokuwa ikipumua sakafuni: shhh, tik, shhh, tik. Kando ya ukuta, ndani ya kabati lenye wavu, betri zilipangwa safu mbili, taa yake ya kijani inawaka.

Mzee aliwatazama watu tisa waliojibana mlangoni, wote na unga nguoni.

"Karibuni," alisema kwa sauti nyembamba. "Mmekuja kunizika? Mmewahi kidogo."

Hakuna aliyecheka. Mjomba alivua kofia.

"Baba yangu mapafu yake yamechoka," Bwana Jua alisema. "Bila ile mashine hawezi kukaa saa moja. Umeme wa kawaida ukikatika, mashine haijui hata kama umekatika. Basi. Hiyo ndiyo sola ninayoiuza. Sina nyingine."

Mama alishika kifua. Mchapishaji alijifanya anasoma maandishi ya betri, lakini macho yalikuwa yamemjaa maji. Mjomba ndiye aliyeuliza.

"Mzee wangu, na siku za mawingu?"

"Siku za mawingu nazima redio na televisheni, nabaki napumua tu," mzee akajibu. "Marehemu mke wangu angezipenda sana siku hizo." Akapumzika, akavuta hewa. "Mwaka jana mvua ilipiga wiki nzima. Siku mbili tulirudi kwenye umeme wa kawaida kwa saa chache, mwanangu akakaa hapo sakafuni akiitazama taa kama anaangalia mechi. Sikufa. Ila yeye alikonda."

Dobi hakuweza kusimama tena mle ndani. Alitoka, akaegemea ukuta wa nje. Bwana Jua alimfuata, akasimama hatua tatu mbali.

"Kwa nini hukuwaambia watu tangu mwanzo?" Dobi aliuliza. "Ungeuza mji mzima."

"Sikutaka kuuzia watu mapafu ya baba yangu."

"Na mimi? Mimi nilikuwa watu?"

Bwana Jua aliutazama mlango wa kijani. "Niliwahi kuleta wanawake wawili hapa. Kila mmoja alikaa dakika kumi akiutazama ule mrija, akanywa maji, akaaga vizuri. Baadaye simu zao zikawa hazipatikani. Siwalaumu."

"Ukaamua mimi ni wa tatu."

"Niliogopa uwe wa tatu. Kwako ingeniuma zaidi."

"Bwana Jua, unanisikia? Jumatano uliniua. Leo umeniua tena, sijui hata kama ni kwa njia mbaya au nzuri. Mtu anashtuka mara ngapi kwa wiki moja?" Machozi yalikuwa yakiteremka na kuacha mistari kwenye unga wa mashavuni. "Ulimimina dizeli ukiwa na shati langu mwilini. Halafu una baba mcheshi namna ile, ukanificha!"

"Nisamehe."

"Sijakusamehe."

"Sawa."

"Usiseme sawa! Sijakusamehe. Lakini kesho nitakuja kuchukua mashuka ya baba. Yale yamefuliwa na mtu asiyejua kufua."

Mwanamume aliyemaliza dakika ishirini na tano akiwa ameinua suti nane, aliinama akashika magoti yake, akalia kwa sauti.

Mambo hayakunyooka mara moja. Bwana Jua alikaa bila kazi wiki sita. Kisha fundi mmoja wa kampuni, naye akiwa amechoka kuficha, aliacha kazi wakaungana, wakafungua chumba kimoja chenye meza na ngazi. Dobi ndiye aliyekuwa mteja wa kwanza, na hakumhurumia: alimuuliza maswali mpaka fundi akatoka nje kuvuta hewa. Walimwambia wazi kwamba asubuhi na mapema hawezi kuwasha pasi zote tatu pamoja, asubiri jua lipande. Alinung'unika, akapanga upya kazi zake: asubuhi kufua, mchana kupiga pasi. Mjomba aliweka sola ya taa na mashine ya kukandia unga, tanuri akakataa katakata, na hakuna aliyemlazimisha. Kinyozi alikubali baada ya kuhakikishiwa kwamba ataweka spika mlangoni wateja wajue kuna umeme. Mchapishaji alisema atasubiri mwaka mmoja. Hata hivyo, kila mchana alionekana juu ya paa, tai imepeperuka begani, akizitazama paneli za wenzake.

Siku ya kwanza umeme ulipokatika na jenereta ya Dobi isiwashwe, Mama alishtuka hata akaangusha rula. "Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna, Mama. Ni kimya."

"Kimya!" Mama alikitegea sikio kama mgeni aliyebisha hodi. Mashine zilikuwa zinazunguka, maji yanachuruzika, na mtu alisikika akipiga chafya upande wa pili wa barabara.

Na ule msamaha? Ulikuja kidogo kidogo, na mashuka. Kila Jumapili mchana Dobi alikwenda kwenye nyumba ya mlango wa kijani na mashuka safi, akarudi na machafu, na katikati akakaa na mzee wakisikiliza redio na kumsengenya Bwana Jua aliyekuwa jikoni. Hakujua ni Jumapili gani hasa hasira ilikwisha. Siku moja aliitafuta moyoni, hakuikuta.

Jumapili hiyo alivaa gauni jekundu. Aliketi kando ya kitanda, akazima redio. Jikoni vyombo vilikuwa vinagongana.

"Baba," alisema, "nina ombi."

"Sema, mwanangu."

"Nimekuja kumposa mwanao."

Mzee alimkodolea macho. Mashine ilipumua mara tatu kabla hajajibu. "Unasemaje?"

"Najua kawaida mwanamume ndiye anayekuja kwetu. Lakini huyu wako anaogopa kunileta karibu na jambo lolote la maana. Nikimsubiri nitazeeka. Kwa hiyo nimekuja mwenyewe. Naomba unipe mwanao nimuoe."

Jikoni kitu kizito kilianguka, kikafuatiwa na kifuniko kilichozunguka sakafuni muda mrefu kabla ya kutulia.

"Amesikia," mzee akasema.

Bwana Jua alitokea mlangoni, mwiko mkononi, mchuzi ukimdondokea mguuni bila yeye kuhisi. "Umesema nini?"

"Umesikia."

"Rudia."

"Sirudii. Nimeongea na baba, siyo na wewe."

Alimtazama baba yake, akamtazama Dobi, akamtazama tena baba yake. Akateleza kwa mgongo wake ukutani mpaka akakaa chini, magoti yamefika kidevuni, mwiko bado ameusimamisha mbele yake.

"Mwanangu," mzee alisema, akijiinua kwenye mto kwa shida huku akitabasamu, "kuna mtu ameulizia habari zako hapa. Nimjibuje?"

Bwana Jua alitikisa kichwa juu na chini, mara nyingi, kama mtoto.

"Kwa mdomo," mzee akasema. "Mimi nipumue kwa mashine, na kujibu pia nikujibie?"

"Ndiyo," Bwana Jua alisema. Kisha akaona haijatosha, akasema tena kwa nguvu hata jirani akagonga ukuta: "Ndiyo! Mwambie ndiyo!"